Kuongea na Timu Usiyoijua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sauti Kwenye Gemu za Mtandaoni

Ukurasa huu ni wa wanaocheza gemu za timu mtandaoni wakiwa Dar es Salaam: PUBG Mobile, Free Fire, Call of Duty: Mobile, Fortnite, na zile za kompyuta kama Valorant na Dota 2. Maswali mengi ni ya wachezaji wenyewe. Mengine ni ya wazazi wanaosikia mtoto akibishana chumbani na watu wasiowaona.

Nitaje msimamo wangu mapema. Sauti ya mtu ni mali yake. Anaifungua akitaka na kuifunga akitaka, na hakuna anayeidai eti kwa sababu seva (kompyuta inayoendesha gemu) imewapanga timu moja. Majibu yote hapa chini yanatokana na hilo.

Ni lazima niongee? Mimi huwa nacheza kimya.

Si lazima. Apex Legends ilipotoka Februari 2019 ilikuja na mfumo mzuri wa alama: unalenga adui, silaha au mahali, unabonyeza, na wenzako wanaiona alama papo hapo huku mhusika wako akiwatangazia. Gemu nyingi za timu sasa zina kitu cha namna hiyo, pamoja na sentensi fupi zilizoandaliwa tayari. Mtu anayetumia alama vizuri ana faida kwa timu kuliko anayeongea mfululizo.

Hata hivyo sauti ina nguvu yake. Mwaka 2007 watafiti Dmitri Williams, Scott Caplan na Li Xiong walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya ndani ya gemu ya World of Warcraft. Vikundi vilivyoongea kwa sauti vilipendana na kuaminiana zaidi kuliko vilivyobaki na maandishi tu. Lakini angalia: wale walikuwa watu wa kundi moja, wanaokutana tena kesho. Mgeni uliyepangwa naye kwa dakika 20 hana kesho na wewe. Shida nyingi utakazozisoma hapa zinaanzia hapo.

Nikifungua maiki niseme nini hasa?

Mahali, idadi, hali. Kwa mpangilio huo. "Nyumba ya ghorofa, wawili, mmoja kapigwa sana." Mwenzako amepata kila anachohitaji kabla hajafikia dirisha.

Kosa ninalolisikia kila siku ni "pale! pale! yuko pale!" Pale wapi? Kila mtu anatazama upande wake, kwa hiyo hata kushoto na kulia havisaidii mpaka muwe mmesimama pamoja mkitazama upande mmoja. Kwenye PUBG Mobile kuna dira juu ya kioo. Soma namba yake. Usiseme "mia moja na hamsini na tano", ni ndefu mno risasi zikiwa zinapigwa. Taja tarakimu moja moja: "moja tano tano, nyuma ya mti."

Ukiangushwa, sema ulichokiona mara moja: adui amekupigia akiwa wapi, yuko peke yake au na wenzake. Kisha nyamaza. Hili wengi hawalijui. Aliyebaki hai anategemea masikio: hatua za adui kwenye ngazi, mlango unaofunguliwa, mtu anayejaza risasi. Ukiendelea kulalamika au kumwelekeza "nenda kulia, piga bomu, sasa hivi!" unamziba masikio katika dakika anayoyahitaji zaidi. Akibaki mmoja dhidi ya watatu, zawadi kubwa unayoweza kumpa ni kimya.

Na namna ya kusema ina uzito. "Naomba risasi za 5.56 kama zimebaki" inapata risasi. "We, lete risasi" inapata mtu anayekimbilia upande mwingine wa ramani. Mtu akikuinua, mwambie asante. Akikosea shabaha, mwambie "haina noma, twende". Nimeona timu ya watu wanne wasiojuana ikitulia na kushinda kwa sababu mmoja wao alisema maneno hayo mwanzoni.

Nisalimie vipi? Sijui kama ni mkubwa au mdogo wangu.

"Habari za jioni, timu" au "mambo vipi wakuu" inatosha. Usikisie umri kwa sauti, wala usikisie jinsia. Sauti nyembamba inaweza kuwa ya kijana wa kiume ambaye sauti yake haijabadilika, na ukimwita dada mbele ya watu umemdhalilisha bure. Tumia jina lake la kwenye gemu. Akijitambulisha kuwa ni mtu mzima, shikamoo haiharibu mchezo. Usianze kumhoji anaishi wapi na anafanya kazi gani.

Tuongee lugha gani?

Ukisikia Kiswahili, jibu kwa Kiswahili. Utakutana na Wakenya wengi, Waganda, na Wakongo wa mashariki. Vijana wa Nairobi wanaongea kwa mkato kuliko tulivyozoea huku. Hawagombani na wewe, ndivyo wanavyoongea. Ukipangwa na Waarabu au Wazungu, kwa kuwa wengi wetu huangukia seva za Mashariki ya Kati au Ulaya, maneno kumi ya Kiingereza pamoja na alama yanatosha mechi nzima. Kitu kimoja naomba: mkiwa Waswahili watatu na mgeni mmoja, msimsengenye mkidhani haelewi.

Kwa nini sauti inachelewa au inakatika?

Umbali, kwanza. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unasafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, Ujerumani, ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari mnyoofu, na nyaya za baharini hazinyooki hivyo. Ongeza mitambo ya njiani, na safari ya kwenda na kurudi mara nyingi inapita milisekunde 100. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, linashauri ucheleweshaji wa sauti wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri. Ukipita hapo watu wanaanza kukatana kauli. Kama gemu yako inakuruhusu kuchagua seva, chagua yenye pingi ndogo, yaani muda mfupi wa kwenda na kurudi.

Kukatikakatika ni jambo jingine. Sauti inatumwa kwa vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 20 kila kimoja, na kipande kilichochelewa sana kinatupwa. Ndiyo maana data ya simu yenye kasi kubwa lakini isiyotulia inatoa sauti mbaya kuliko Wi-Fi ya polepole iliyotulia. Sogea dirishani, zima upakuaji unaoendelea nyuma, na mwombe mdogo wako asitishe video anayoitazama kwenye hotspoti yako.

Kuna siku kosa si lako wala la simu yako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo zima maiki, cheza bila sauti ukiweza.

Inakula bando kiasi gani?

Kidogo kuliko watu wanavyohofia. Programu nyingi za sauti zinatumia Opus, mfumo wa kubana sauti uliokubaliwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Chukua kilobiti 32 kwa sekunde: ni kilobaiti 4 kila sekunde, yaani kama MB 14 kwa saa kwa mtu mmoja anayeongea bila kupumua. Weka na mzigo wa anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande, iwe kama MB 20. Hakuna anayeongea saa nzima, na programu nyingi hazitumi kitu mtu akinyamaza. Kinachomaliza bando ni masasisho ya gemu yenyewe, ambayo ni GB nzima nzima. Hayo yasubirie bando la usiku.

Wenzangu wanalalamika nina kelele. Nyumbani kuna feni, bodaboda, na jirani ana redio.

Weka maiki kwenye hali ya kubonyeza ndipo uongee, si ya kuwa wazi muda wote. Hiyo peke yake inamaliza sehemu kubwa ya tatizo, na inakulinda pia: nyumbani kwetu kuna mambo mengi ya familia yanayosemwa kwa sauti, na maiki iliyoachwa wazi inayapeleka kwa watu usiowajua. Mama akikuita kwa jina lako kamili, wamelisikia.

Tumia iafoni zenye maiki, maana ukitumia spika ya simu wenzako wanasikia mwangwi wa sauti zao. Za waya ni bora kuliko za Bluetooth kwa kazi hii. Bluetooth nyingi zikiwashwa maiki zinahamia hali ya kupiga simu: sauti ya gemu inafifia na kuchelewa, na hatua za adui hutazisikia. Huna haja ya hedifoni kubwa za gharama. Za kawaida za Kariakoo zinafaa. Zijaribu kwa kujirekodi palepale dukani, maana nyingine zina maiki iliyokufa ukizitoa tu kwenye boksi. Feni isikuelekee mdomoni.

Nikitukanwa nifanyeje?

Mnyamazishe. Sasa hivi, kabla hujamjibu. Kwenye gemu karibu zote unagusa alama ya spika pembeni ya jina lake, basi. Usimtangazie kuwa unamnyamazisha, wala usisubiri amalize. Mpaka leo kuna wachezaji wanaona kunyamazisha ni kushindwa, wanataka kurudisha tusi zito zaidi. Matokeo yake ni watu wawili wanaotukanana huku wawili waliobaki wanacheza peke yao, na mechi inakwisha.

Mkimaliza, ripoti. Chagua kipengele cha matusi au unyanyasaji wa sauti, siyo cha kudanganya kwenye mchezo. Ripoti iliyowekwa penye kosa lisilo lake haifiki inakotakiwa. Kama simu yako inaweza kurekodi kioo, kipande kifupi kinasaidia. Kisha mzuie ili msipangwe tena.

Tofautisha hasira na unyanyasaji. Mtu aliyeangushwa akaguta "aah, jamani!" amekasirika, mwache. Mtu anayemtukania mwenzake mama yake, kabila lake, dini yake, au anayemwambia mgeni akajiue, huyo hana kisingizio cha "ndo gemu ilivyo". Na ukiwa wewe si mlengwa, bado una kazi. Sema sentensi moja tulivu, "kaka, mwache tucheze", kisha mnyamazishe huyo anayetukana. Anayeshambuliwa anasikia kuwa hayuko peke yake. Ninaliamini jambo hili kuliko kitufe chochote.

Mimi ni msichana. Nikiongea tu mechi inabadilika. Tatizo ni mimi?

Hapana dada, na limepimwa. Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walicheza Halo 3 na wageni wakitumia sauti zilizorekodiwa, ya mwanamume na ya mwanamke, zikisema maneno yaleyale. Katika utafiti wao uliotoka mwaka 2013, sauti ya mwanamke ilipata maneno mabaya mara tatu ya ile ya mwanamume. Mwaka 2015 Kuznekoff pamoja na Michael Kasumovic walichapisha tena: kwenye gemu hiyohiyo, wanaume wa viwango vya chini ndio waliomshambulia zaidi mchezaji mwenye sauti ya kike. Waliokuwa wazuri hawakuwa na haja hiyo.

Hapa kwetu huanza na "we ni demu?" halafu maswali: uko wapi, una mtu, nipe namba. Wengine wanakupa silaha zote kama zawadi kisha wanakasirika usipojibu. Huna deni. Jibu la "tucheze" linatosha, na akirudia, mnyamazishe. Dada wengi wanatafuta wenzao wawili watatu wa kudumu ili nafasi ya mgeni iwe moja tu kati ya nne. Ni njia nzuri. Wengine wanatumia alama peke yake. Sitakushauri ubadilishe sauti kwa programu. Ukitaka, ni hiari yako, lakini mzigo wa kurekebisha tabia si wako.

Kaka unayesoma hapa: ukisikia sauti ya kike kwenye timu, mpe taarifa za adui kama unavyompa yeyote. Hakuna kingine kinachohitajika.

Mwanangu ana miaka 11, anaongea na watu wazima kwenye gemu. Nimnyang'anye simu?

Usianze na hilo. Mtoto anayeogopa kunyang'anywa simu ndiye anayeficha. Anza kwa kukaa naye mechi mbili, umsikilize anaongea na nani.

Kisha ingia naye kwenye mipangilio. Sauti iwe kwa marafiki tu, au izimwe kabisa. Hatari ya sauti za wageni kwa watoto haitiliwi mkazo na wazazi peke yao: Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikubaliana na Epic Games, wenye Fortnite, walipe dola milioni 520 kwa jumla, kati ya hizo milioni 275 zikihusu faragha ya watoto. Sehemu ya makubaliano ni kwamba sauti na maandishi kwa watoto na vijana vizimwe mpaka viwashwe kwa ridhaa. Angalia umri uliojazwa alipofungua akaunti. Watoto wengi hujaza umri wa uongo, na ulinzi wote wa umri unakuwa haupo.

Mfundishe asitaje jina kamili, shule, mtaa, wala muda ambao wazazi hawapo nyumbani. Na ujue dalili zinazotisha kweli: mtu mzima anayempa mtoto zawadi za gemu, almasi (pesa ya ndani ya gemu) au ngozi (mapambo) za silaha, anayetaka wahamie WhatsApp, anayesema "usimwambie mama", anayeomba picha. Ukikuta hata moja, usifute kitu. Hifadhi jina la akaunti na mazungumzo, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Mwambie mtoto kwa sauti kuwa hakukosea. Atakumbuka ulivyompokea siku hiyo.

Simu ichezewe sebuleni.

Mtu wa kwenye timu anauza almasi kwa bei poa, anataka nimtumie hela kwanza.

Usitume. Asikuombe neno la siri wala namba za uthibitisho zilizoingia kwa SMS. Akizipata, akaunti imeondoka, pengine na pesa zilizo kwenye simu. Nunua ndani ya gemu tu. Namba ya simu ya tapeli unaweza kuiripoti kwa kuituma kwenda 15040.

Je, kampuni zinarekodi tunachoongea?

Baadhi, ndiyo, kwa masharti yao. Riot Games ilibadili sera yake mwaka 2021 ili iweze kurekodi sauti kwenye Valorant kuchunguza ripoti za matusi. Xbox ilileta Julai 2023 njia ya mchezaji kuhifadhi sekunde 60 za sauti na kuzituma kama ushahidi. Fortnite, tangu Novemba mwaka huohuo, inaweza kutuma dakika 5 za mwisho ukiripoti. Activision ilitangaza Agosti 2023 kuwa Call of Duty itatumia ToxMod, programu inayosikiliza na kutambua lugha ya chuki. Hiyo ilianza na Kiingereza. Kwa hiyo usikae ukingoja mashine imkamate anayetukana kwa Kiswahili. Ripoti kwa mkono wako.

Ukirekodi wewe, iwe kwa ushahidi. Kuirusha sauti ya mgeni TikTok ili watu wamcheke ni jambo tofauti, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba ruhusa kwanza.

Sheria yetu inasemaje kuhusu vitisho?

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza mawasiliano ya kielektroniki yenye nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Anayekutishia akiwa ng'ambo ni vigumu kumfikia. Anayejua unakoishi Tabata na anasema atakuja, huyo mpeleke polisi.

Nimezoeana na mtu wa kwenye gemu, tunaweza kuonana?

Mkiwa watu wazima, mnaweza. Wapo marafiki wa kweli walioanza hivyo. Onaneni mchana mahali penye watu, kama Mlimani City, mwambie mtu wa nyumbani unakoenda, na nauli ya kurudi iwe yako. Walio chini ya miaka 18 waende na mzazi au wasiende.

Nina kigugumizi. Nikiongea wananicheka. Niache?

Usiache gemu. Andaa maneno mafupi yanayokutoka kwa urahisi, uyatumie hayohayo. Wachezaji wazuri nao hurudia maneno yaleyale. Yanayokukwama yape alama. Ukipenda, andika kabla ya mechi kuanza: "nina kigugumizi, nipeni sekunde." Wanaocheka utawajua mapema na utawanyamazisha. Wengi watasubiri.

Kwa wasiosikia au wanaosikia kwa shida, Fortnite ina mpangilio unaoonyesha sauti kwa alama kwenye kioo, ikiwemo upande hatua zinakotoka. Uko kwenye sehemu ya sauti ya mipangilio. Na kama kuna kiziwi kwenye timu yenu, mwandikieni na mtumie alama mechi nzima, msimwache akikisia.